Mboga Inayokua Gizani

Kuna mboga duniani ambayo ukinyamaza utaisikia ikikua. Msidhani ni ujanja wa sungura Kalulu, wadogo zangu. Jambo hili ni la kweli, na wanaolifanya wanaliuza sokoni kwa bei nzuri.

Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kuna mabanda marefu yenye mapaa ya chini ambayo kila tundu la mwanga limezibwa. Mwezi wa Januari, nje kukiwa na baridi ya kuganda maji, ndani ya mabanda hayo kuna joto la wastani na giza totoro. Mkulima akiingia kuvuna hawashi taa. Anashika mshumaa, anatembea taratibu, na akisimama bila kusema neno anasikia milio midogo ya kupasuka hapa na pale: pwa, pwa. Ni vifuniko vya machipukizi vinavyofunguka, majani machanga yakijisukuma nje. Mmea wenyewe unaitwa rubarbu.

Najua mtakavyouliza, kwa sababu hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Mwalimu ametufundisha shuleni kwamba mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Sasa huu uliofungiwa unakula nini? Na mtu mwenye akili timamu aufungie kwa faida gani? Swali la tatu ni letu sisi wa Lubumbashi: je, mmea huo unaweza kukaa ndani ya lupango, uwanja wa nyumbani, kando ya lengalenga na matembele ya mama?

Kwanza tuujue. Rubarbu hutoa majani makubwa, mengine yanaweza kufunika tumbo la mtoto aliyelala chali. Kila jani limesimama juu ya kikonyo kinene, chekundu au chenye kijani na wekundu uliochanganyika, urefu wake kama mkono wako kuanzia kiwiko hadi vidole, au zaidi. Kinacholiwa ni hicho kikonyo tu. Ni kichachu kiasi kwamba ukikitafuna kibichi jicho moja litajifunga lenyewe. Wazungu hukikata vipande, wakakipika na sukari, kikawa jamu au kikawekwa ndani ya keki. Ndiyo maana chakula hiki kilipata wapenzi wengi Ulaya baada ya sukari kushuka bei, katika karne ya 18 na ya 19. Kabla ya hapo, nani angejisumbua nacho?

Jani lenyewe haliliwi. Lina asidi nyingi iitwayo oksaliki, ambayo huumiza tumbo na figo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba Uingereza, watu walishauriwa wapike majani ya rubarbu badala ya mboga nyingine. Waliosikiliza ushauri huo waliugua, na wengine walikufa. Kwa hiyo hata ushauri wa wakubwa, wadogo zangu, unastahili kuulizwa maswali mawili matatu kabla haujafika kwenye sufuria.

Mmea huu haukuzaliwa Uingereza. Asili yake ni nchi za baridi za Asia: milima ya China, Tibet, Mongolia, na Siberia. Huko watu hawakuujali kwa vikonyo vyake, walitaka mizizi. Mzizi wa rubarbu uliokaushwa ni dawa ya kufungua tumbo lililofunga, na Wachina wameutumia kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Misafara ya ngamia iliubeba kuelekea magharibi, na Warusi wakajenga utajiri juu ya biashara hiyo kwenye mji wa mpakani wa Kyakhta. Mwaka 1839 ofisa mkubwa wa China, Lin Zexu, alimwandikia barua Malkia Victoria wa Uingereza kumtaka akomeshe biashara ya kasumba. Ndani ya barua hiyo alimkumbusha kwamba watu wa nchi za nje hawawezi kuishi bila chai na rubarbu ya China. Yaani aliamini kuwa wageni wakinyimwa dawa hiyo matumbo yao yatafunga, nao watakufa! Mimi nikiisoma habari hiyo hucheka, lakini Lin hakuwa akitania. Cha ajabu zaidi, wakati huohuo wakulima wa Uingereza walikuwa tayari wanapanda rubarbu ya kwao, na aina mojawapo iliyopendwa sana iliitwa Victoria, kwa jina la malkia huyohuyo.

Haya, turudi gizani.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1817, katika bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, London, watu waliokuwa wakizibua mtaro walirundika udongo juu ya mizizi ya rubarbu bila kujua. Baada ya majuma kadhaa udongo ukaondolewa. Chini yake kulikuwa na vikonyo vyembamba vya rangi ya waridi, laini, vyenye uchachu wa upole kuliko vile vya kawaida. Mtu akaonja. Akaonja tena. Kuanzia hapo watunza bustani wakawa wanafunika rubarbu makusudi, kwa mitungi ya udongo na kwa mapipa.

Mwaka 1877 familia ya Whitwell, karibu na mji wa Leeds, ikajenga mabanda ya kwanza ya kufanya kazi hiyo kwa wingi. Eneo hilo lina sababu zake, na mtoto wa Lubumbashi atazielewa haraka kuliko mtoto wa mahali pengine, kwa kuwa ni eneo la migodi. Chini ya ardhi ya Yorkshire kulikuwa na makaa ya mawe, ya bei rahisi, ya kupasha mabanda joto. Kando yake kulikuwa na viwanda vya sufu, na mabaki ya sufu yakioza shambani huachia naitrojeni taratibu, mbolea ambayo rubarbu huipenda mno. Na baridi haikukosekana. Kati ya miji ya Wakefield, Morley na Rothwell ikatokea pembetatu nzima ya mashamba ya rubarbu, wakulima zaidi ya 200, na treni iliyokuwa ikiondoka usiku na kufikisha mzigo sokoni London alfajiri. Leo wamebaki wachache, lakini mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliilinda rubarbu yao ya gizani kisheria: hakuna anayeruhusiwa kutumia jina la Yorkshire kwa rubarbu iliyochipushwa kwingine.

Sasa swali la kwanza. Inakula nini?

Mama anaponunua gunia la unga mwezi wa mavuno ya mahindi, bei ikiwa bado ya chini, analiweka kwenye kona ya nyumba. Miezi ya mbele, mahindi yakiadimika na malori kutoka Zambia yakichelewa mpakani Kasumbalesa, nyumba hiyo bado inasonga bukari. Mzizi wa rubarbu ndiyo kona hiyo ya nyumba. Majira yote ya joto majani mapana yanapokea jua, yanatengeneza sukari, na sehemu kubwa inashushwa chini na kuhifadhiwa kama wanga. Mkulima wa Yorkshire anauacha mmea shambani miaka miwili bila kuvuna hata kikonyo kimoja. Miaka miwili! Majirani wanaopita wanaona majani tu, na mwenye shamba hajapata hata senti.

Kisha baridi inakuja. Majani yananyauka, sakitu inapiga, ile hali ya umande kugeuka barafu juu ya nyasi. Mizizi inahitaji baridi hiyo. Bila majuma kadhaa ya baridi, macho ya mzizi hubaki yamefumba hata ukiyabembeleza vipi. Mmea umejifunza hivyo katika milima ya Siberia: usiamke mpaka uwe na hakika kwamba majira ya baridi yamepita, la sivyo barafu itakukuta na majani machanga. Baridi ikishatosha, mkulima anaing'oa mizizi, kila mmoja mzito wa kubebwa kwa mikono miwili, anaipanga ndani ya banda lenye giza na kuipasha joto. Mzizi unadanganyika. Unahisi joto, unadhani majira mazuri yamefika, unageuza wanga wake kuwa sukari na kusukuma vikonyo juu kutafuta jua.

Jua halipo. Na hapa ndipo penye siri. Mwanga, mbali na kulisha mmea, ndio unaouambia usimame. Mmea ukifika kwenye mwanga hupunguza kurefuka, hupanua jani, hutengeneza klorofili, ule ukijani wa kupikia chakula, na huimarisha nyuzi zake ili upepo usiuangushe. Gizani hakuna anayetoa amri hiyo. Mmea unaendelea kurefuka tu, ukitumaini kwamba mwanga uko sentimita moja mbele. Haupotezi nguvu kutengeneza klorofili wala jani pana. Jani linabaki dogo la manjano, limekunjamana, na kikonyo kinakuwa kirefu, laini, chekundu, chenye sukari zaidi. Hiyo ndiyo faida aliyokuwa akiitafuta mkulima. Mshumaa nao unaeleweka sasa: taa kali ingeuambia mmea kwamba umefika.

Mavuno yakiisha, gunia ni tupu. Mizizi ile hairudishwi shambani. Imechoka kabisa, inatupwa ikaoze iwe mbolea. Kila kipande cha rubarbu ya gizani ni jua la miaka miwili lililoliwa kwa majuma machache.

Msiniamini kwa maneno tu. Chukueni makopo mawili ya maziwa ya unga, toboeni matundu chini, jazeni udongo, na katika kila kopo zikeni maharagi matatu. Kopo moja likae dirishani. La pili lifunikeni kwa ndoo nyeusi isiyopitisha mwanga, na mlinyeshee usiku. Baada ya siku kama kumi mfunue ndoo. Maharagi ya dirishani yatakuwa mafupi, ya kijani, yenye majani yaliyofunguka. Ya gizani yatakuwa yameyapita mbali kwa urefu, meupe yenye umanjano, shina limejaa maji na linavunjika ukiligusa. Mtu asiyejua angesema ya gizani ndiyo yamestawi! Yaacheni humo majuma mengine mawili. Yataanguka na kufa, kwa sababu zile nusu mbili nene za harage, zilizokuwa akiba ya mche, zimekwisha. Lakini mkiyatoa kabla hayajafika huko na kuyaweka juani, siku moja au mbili zinatosha kuyaona yakianza kugeuka kijani. Na mkiwa na kopo la tatu, lifunikeni kwa boksi lenye tundu moja pembeni. Sitawaambia kitakachotokea.

Kwa kweli wengi wenu mmeshaona jambo hili bila kulipa jina. Kiazi kitamu kilichosahauliwa chini ya kitanda, au kitunguu ndani ya mfuko jikoni: kinatoa vichipukizi virefu vyeupe huku chenyewe kikisinyaa na kuwa na makunyanzi. Hakikunyweshwa, hakikuona jua. Kinajila.

Wabelgiji, ambao walitawala nchi yetu mpaka 1960, wana mboga yao ya namna hii, na kwao ni fahari kubwa. Ni shikori, ile yenye kichwa cheupe kilichofungamana, wao huiita chicon. Huko Brussels husimuliwa kwamba wakati wa mapinduzi ya mwaka 1830 mtu mmoja alificha mizizi ya shikori ndani ya ghala la chini ya nyumba. Mizizi hiyo ilikuwa ya kukaangwa na kuchanganywa na kahawa. Aliporudi akaikuta imeota majani meupe. Baadaye watunza bustani wa Brussels wakaifanya kuwa kazi ya ustadi. London mtaro, Brussels vita. Mara mbili watu waliacha mizizi gizani bila kukusudia, na mara mbili kulikuwa na mtu mwenye ujasiri wa kuonja. Mimi huyo mwonjaji wa kwanza ndiye ninayemheshimu kuliko wote.

Sasa tuje nyumbani. Mji wetu ulianzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville, reli ilipofika kutoka kusini kufuata shaba. Uko kwenye nyanda za juu, mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, na ndiyo sababu hali yetu ya hewa si ile ya Kinshasa. Mvua zinaanza kushika Novemba mpaka Machi. Kuanzia Mei anga hukauka, na mwezi wa Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, mnajua wenyewe jinsi asubuhi za kwenda shule zinavyouma masikio. Halafu Oktoba inatuchoma kabla ya mvua kurudi. Kwa wakulima wa mboga wa mabonde ya Kafubu na Kilobelobe, majira ya ukavu ndiyo majira ya kabichi, karoti na vitunguu, maana mvua nyingi huleta ukungu na kuozesha majani; mradi tu mkono wa kunyweshea usichoke.

Rubarbu ingeipenda Juni yetu mchana na usiku. Oktoba ingeichukia. Joto likipita nyuzi 30 majani yake hulegea, na ukuaji husimama. Desemba nayo, udongo ukijaa maji siku nyingi, mzizi huoza kuanzia moyoni. Na baridi yetu, hata ikiuma masikio, haiufikishi mzizi kwenye mapumziko marefu yale ya sakitu. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la tatu ni hili: kuipanda, ndiyo, inawezekana kwa anayependa kuhangaika. Kuichipusha gizani kwa namna ya Yorkshire, siwaahidi kitu. Nyanda za juu za Kenya, nchi ile, si mtaa wetu wa Kenya, zinaizalisha vizuri kwa sababu ziko juu zaidi na baridi yake haikatiki mwaka mzima.

Anayependa kuhangaika asikilize basi. Mbegu za rubarbu ni kubwa, zina mbawa nyembamba. Zilowekwe saa chache, zisiwe kwenye udongo wa moto. Ningeziotesha Machi, mvua zikielekea kuisha, ili miche ishike kabla ya ukavu na ipate baridi yote ya Juni. Mahali pake pawe penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, upande wa mwembe au wa parachichi, lakini si chini kabisa ya mti, mizizi ya mwembe ni walafi. Tuta liinuliwe, ili maji ya Desemba yapite. Nafasi kati ya mmea na mmea ni mita moja; mtaona ni kubwa mno siku ya kwanza na ndogo mno mwaka wa pili. Ndani ya shimo tieni mbolea ya zamani ya kuku au ya ng'ombe, iliyokwisha kupoa.

Tuna kitu kingine ambacho Yorkshire hawana. Vile vichuguu vikubwa vilivyosimama hata katikati ya mji, vingine virefu kuliko nyumba, vimejengwa na mchwa kwa mamia ya miaka, chembe moja baada ya nyingine kutoka chini. Udongo wake una mfinyanzi mwingi na madini ya chokaa, tofauti na udongo wetu mwekundu uliochoshwa na mvua. Wazee walipanda juu yake tangu zamani, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameuchunguza kama njia ya kurutubisha mashamba. Changanyeni kiasi na mbolea. Msichukue kichuguu kizima, wafyatua matofali wanakitaka pia.

Mwaka wa kwanza msivune. Mwaka wa pili vuneni kidogo, na siku zote acheni zaidi ya nusu ya majani, kwa sababu hayo ndiyo yanayojaza gunia. Kikonyo hakikatwi kwa kisu: kishikeni chini kabisa, kipindueni kidogo huku mkikivuta, kitatoka chote, kwa maana kisiki kinachobaki baada ya kisu huoza na kuoza huko hushuka mzizini. Ua likichomoza likateni mara moja, linakula akiba bure. Mmea ukifika mwaka wa tatu ukiwa na nguvu, chagueni mmoja tu, mmoja, si yote, mwufunike mwezi wa Julai kwa ndoo kuukuu iliyozibwa matundu na kuegemezwa jiwe. Chungulieni baada ya majuma matatu au manne. Huenda mkakuta vikonyo vya waridi, huenda mkakuta konokono. Vyovyote vile, mmea huo upewe mwaka mzima wa kupumzika juani.

Kuna jambo moja zito ambalo siwezi kulipita, kwa sababu mzizi unaohifadhi sukari unaweza kuhifadhi na vingine. Kuanzia 1911 shaba iliyeyushwa pale kwenye bomba lile refu la moshi la kampuni ya Gécamines, zaidi ya mita 150, lenye kilima cheusi cha mabaki pembeni yake. Pepo zetu nyingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka mingi uliangukia zaidi upande wa kaskazini-magharibi, kule Penga Penga, na udongo wa huko ukabeba shaba, kobalti, risasi na kadimiamu. Uchunguzi wa mboga za mji umekuta madini haya ndani ya majani ya lengalenga na ya kabichi ya Kichina. Vumbi la barabarani linaongeza lake. Kwa hiyo ulizeni kwanza: lupango letu liko wapi, na maji tunayonyweshea yanapita wapi kabla ya kufika kwetu? Palipo na shaka, jengeni tuta juu ya udongo ulioletwa kutoka mahali safi, ongezeni mbolea ya majani na chokaa kidogo, ambavyo hufanya madini mengi yasipande kirahisi kwenye mmea, na osheni majani kwa maji mengi kabla hayajakatwa. Kuosha huondoa vumbi la nje. Kilichokwisha kuingia ndani hakitoki kwa maji.

Na sasa niseme maoni yangu, hata kama baada ya safari yote hii yatawachekesha. Mtoto wa Lubumbashi anayetaka mboga chachu hana haja ya kungoja sakitu. Anayo ngai-ngai, ambayo majirani wetu Wabemba huiita lumanda, majani yake mengine ya kijani, mengine mekundu kama mvinyo. Ile nyekundu, wataalamu wa mimea wanaamini ilizaliwa mikononi mwa wakulima wa upande wetu huu, kusini mwa Kongo, Angola na Zambia, kutokana na mimea miwili ya porini iliyochanganyika. Rubarbu ilitoka Siberia ikapata umaarufu wa treni na wa sheria za Ulaya. Ngai-ngai ilitoka hapahapa na bado inauzwa kwa mafungu madogo chini, juu ya kipande cha gunia. Sioni haki hapo.

Uchachu wake nao una ile asidi oksaliki, ila kiasi chake kinavumilika, na mama zetu wamekwisha kujua la kufanya: wanachemsha, wanamwaga maji ya kwanza, ndipo wanakaanga na kitunguu, nyanya na tomsoni, samaki yule wa barafu. Inaota popote mvua inaponyesha. Ikateni kilele ikifika magotini, itatoa matawi ya pembeni na majani laini kwa miezi. Siku zikifupika, baada ya Machi, itaanza kutoa maua, na majani yatapungua na kukakamaa. Hapo acheni mashina machache yakomae kwa mbegu za Novemba.

Anayepanda zote mbili katika lupango moja atapata somo zuri la kulinganisha, na pia kazi moja ya ziada. Majani ya rubarbu yanayobaki baada ya kuvuna yatupeni kwenye shimo la mbolea. Asidi yake huvunjika yakioza, hayadhuru chochote. Lakini mpaka yaoze, mbuzi afungwe.